Sauti ya Kuongozea

Shemeji yangu Lucien Ledet alianza kuimba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hapa Opelousas, ukisema "bendi ya Lucien," hakuna anayekuuliza ni bendi gani. Kodiani kifuani, kofia ya kahawia imeinama kidogo upande wa kushoto, na ile sauti yake nyembamba ya juu iliyokuwa ikipenya katikati ya dramu na gitaa na kelele za watu, ikakukuta hata ukiwa nje unasubiri soseji ya boudin ya moto. Wanawake walikuwa wakisema Lucien akiimba valsi, ule wimbo wa kucheza polepole wawili wawili, hata mume aliyenuniwa wiki nzima anasamehewa. Mimi ni shahidi. Dada yake ndiye mke wangu.

Halafu akapasuliwa koo. Alikuwa na uvimbe kwenye shingo, na daktari alimweleza mapema kwamba mahali penyewe ni pabaya, pako karibu mno na sauti. Uvimbe ulitoka salama, haukuwa ule wa kuua, tukamshukuru Mungu na kupika mchuzi wa gumbo sufuria mbili. Sauti ilipotea, ikakaa miezi, ikarudi. Lakini haikurudi yote. Ya juu ilibaki hukohuko ilikokwenda. Akiongea alikuwa sawa tu, mkwaruzo kidogo kama mtu aliyeamka sasa hivi. Akijaribu kuipandisha, ilikatika.

Alijaribu mara moja hadharani, kwenye dansi ya ukumbi wa kanisa. Ilimkatikia katikati ya wimbo ambao watu wote mle ndani waliujua kwa moyo. Hakuna aliyecheka. Nafikiri wangecheka ingekuwa afadhali. Waliendelea kucheza huku wakitazama sakafu, wakimsitiri, na yeye aliliona hilo. Alimaliza wimbo kwa kodiani peke yake. Tangu siku ile, maikrofoni ikiwekwa mbele yake aliisogeza pembeni kwa mguu.

Bendi yetu ni ya kifamilia. Verlina, mke wangu, anapiga gitaa la besi. Binamu yao Rayford yuko kwenye dramu, na gitaa lake la akiba hulipiga Verlina tukirekodi. Mimi, Alton Papillion, navaa kizibao cha bati, kile chenye mawimbi kama bati la paa, nakikwangua kwa vifungua chupa viwili. Rayford husema kazi yangu inaweza kufanywa na mbwa mwenye viroboto. Namwambia basi amlete huyo mbwa, tuone kama ataweza kukaa kwenye mapigo yake yanayoyumba.

Bendi isiyo na mwimbaji, watu wanaipigia makofi ya heshima, halafu mwakani wanaalika wengine. Tulianza kukaa nyumbani Jumamosi. Verlina akaona tukiendelea hivyo tutakufa kimya kimya, akasema turekodi albamu, nyimbo sita tu, hapahapa nyumbani, ili watu wajue bado tupo.

"Nani ataimba?" Lucien akauliza.

"Wewe."

"Basi hakuna albamu."

Walivutana majuma mawili. Mwishowe Lucien akakubali kwa sharti moja: aletwe kijana wa kuimba. Alimjua mmoja wa Lake Charles, Kendrell, mwenye sauti nzuri ila Kifaransa chetu cha huku, tunachoimbia, anakitafuna kama mfupa wa samaki. Lucien angepiga kodiani, na angerekodi sauti ya kuongozea tu. Hiyo ni sauti inayoimbwa ovyo ovyo, ili wapigaji wajue wimbo umefika wapi na anayekuja kuimba ajue maneno yanaangukia wapi. Kazi ikiisha inafutwa. Hakuna anayeisikia.

"Itafutwa?" Lucien alimuuliza dada yake.

"Ndivyo zinavyofanywa," Verlina akasema.

"Sikukuuliza zinafanywaje. Nimekuuliza, utaifuta?"

"Nitaifuta, kaka. Haya."

Studio yetu ni chumba alichokuwa akilala mwanetu kabla hajahamia Houston. Verlina alitundika mablanketi mazito ukutani, akasimamisha godoro mlangoni, akaweka kompyuta na spika mbili juu ya meza ya kupigia pasi nguo. Yeye ni dereva wa basi la shule. Akishamaliza kurudisha watoto alasiri anaingia mle, na anachokijua amejifundisha mwenyewe kwa kusikiliza, kuharibu na kurudia. Ukirekodi lazima kiyoyozi kizimwe, la sivyo nacho kinaingia kwenye wimbo. Kwa hiyo kila wimbo wetu umeimbwa na watu wanaotiririka jasho.

Tulirekodi vipande vipande, kila mtu kwa wakati wake. Rayford alipiga dramu Jumapili, mimi nikaja kukwangua baada ya kazi, Verlina akaweka besi yake akiwa bado amevaa sare ya basi. Lucien alisema hataki kuimba tukimtazama. Aliazima maikrofoni na kisanduku kidogo cha Verlina cha kurekodia, akaenda kufanyia kwake jikoni, akatuletea.

Jumamosi moja asubuhi, mimi na Rayford tuliingia chumbani tukiwa na kahawa, tumejiandaa kusikia wimbo wetu. Verlina aliwasha. Ikawa balaa. Dramu za Rayford zilikuwa zinalipuka mpaka spika zinatetemeka. Kizibao changu kilisikika kama mtu anamwaga sanduku la vijiko kwenye ngazi. Gitaa lilikuwa mbali, kama linapigwa kwa jirani. Kodiani inakuja, inapotea.

"Mbona wimbo wenyewe mbaya hivi?" nikasema.

"Wimbo hauna kosa," Verlina akasema. "Bado sijapanga levo, ukubwa wa kila sauti."

"Si uanze kuchanganya tu? Punguza huku, ongeza kule."

"Ndivyo nilivyofanya mwaka jana na ule wimbo wa Krismasi. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alipunguza huku, akaongeza kule, akapunguza tena, mpaka mwisho wake vitu vyote vilikuwa juu kabisa na hakuna kilichosikika. Aliutupa.

"Sasa hivi nafanya kwa utaratibu," akasema. "Kabla ya kuamua nani atakuwa mbele na nani nyuma, kila mtu kwanza anasimama mahali pamoja. Mmoja mmoja. Nikishawasikia wote sawasawa ndiyo nitajua nani anafaa kuwa wapi."

Alizima traki zote, yaani sauti ya kila chombo, akabakiza dramu kubwa ya Rayford peke yake. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kijiti cha mwanga kinachopanda na kushuka kufuata sauti: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Dramu ya Rayford ilikuwa inagonga nyekundu kila pigo.

"Angalia hiyo!" Rayford akasema. "Nguvu za mwanaume hizo."

"Nguvu za mwanaume zimepasua sauti hapa na hapa," Verlina akamwonyesha. "Hizi utazirudia. Nilikwambia upige kama utakavyopiga siku yenyewe, halafu ukanipigia taratibu wakati napima, nikibonyeza kurekodi ukapagawa."

"Nilipandwa na roho."

"Mwambie huyo roho aje mapema wakati napima."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipanda puani. Kisha ikawa zamu yangu, na kicheko kikaniisha, maana kizibao changu kikiwa peke yake kilikuwa kinakimbia mbele ya mapigo kama kuku aliyefungiwa kopo mkiani. Rayford alinitazama tu, akatikisa kichwa polepole, akanywa kahawa yake.

Hivyo ndivyo Verlina alivyoendelea. Iliyo juu aliishusha, iliyo chini aliipandisha, kila moja mpaka kijiti kikawa kinacheza palepale, kwenye kijani, karibu na njano bila kuigusa. Si kwa macho tu. Alikuwa anafumba macho, anasikiliza, anafumbua, anasogeza kidogo. Anapofanya hivyo hana mume wala binamu. Gitaa la Rayford la akiba, besi yake mwenyewe, kodiani. Na kila alipomaliza moja nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia. Besi ya mke wangu ina kijimkato kidogo kabla ya wimbo kugeuka. Miaka yote nimesimama kando yake sijawahi kukijua.

Ikabaki traki ya chini kabisa. Kwenye kioo ilionekana kama uzi uliolala, hauna hata mawimbi.

"Hiyo haina kitu," Rayford akasema.

"Ni ya Lucien. Ya kuongozea."

"Si unaifuta hiyo?"

"Nitaifuta nikimaliza. Kwa sasa iko kwenye wimbo, na kila kilicho kwenye wimbo kinapimwa."

Aliipandisha. Hakikusikika kitu. Akaipandisha tena. Likaja kwanza friji la jikoni kwa Lucien, likinguruma. Ikaja saa ya ukutani. Kiti kikalia. Mtu akavuta pumzi karibu sana, mpaka nikageuka nyuma.

Halafu akaimba.

Ilikuwa ile valsi ya baba yao, ya mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Zamani Lucien aliipeleka juu kwenye dari, watu wakapiga vigelegele. Sasa alianza chini, na palipotakiwa kupanda hakupanda. Alishuka. Alishuka chini zaidi, sauti ikawa nzito, ina mikwaruzo, nusu anaimba nusu anasema, kama mtu anayeongea na mlango wenyewe, si na watu waliolipa kiingilio. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma yule mtu wa kwenye wimbo. Nimeusikia wimbo huo maisha yangu yote, na siku zote nilikuwa nasikia tu jinsi Lucien anavyoimba vizuri.

Wimbo ukaisha. Friji likaendelea kunguruma.

Rayford alivua kofia yake, akaishika mapajani. Verlina alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Anajua?" nikauliza.

"Hajui," akasema. "Angejua asingetuletea."

"Basi tuitumie."

"Haitumiki, Alton. Sikiliza hilo friji. Alirekodi chini mno. Nikiipandisha sauti yake, na uchafu wote unapanda nayo. Lazima arudie, karibu na maikrofoni, kwa levo ya kweli."

"Hatakubali."

"Najua hatakubali."

Alimpigia simu siku hiyohiyo. Sikusikia upande wa pili, ila nilimsikia mke wangu akisema "kaka" mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka akaweka simu mezani. Lucien alikuwa amesema Kendrell anakuja Jumanne, na mwenye kuimba ni Kendrell.

Jumanne Kendrell alikuja na mfuko wa machungwa kutoka kwa mama yake. Kijana mrefu, mpole, anamwamkia kila mtu mara mbili. Lucien naye alikuja, kumfundisha maneno. Tulikaa barazani kwanza, Lucien akimtamkisha, Kendrell akikosea, Lucien akisema tena.

"Hapo umesema 'farasi wangu,'" Lucien alimwambia. "Mke wake ndiye aliyemfungia mlango, si farasi."

"Samahani, mzee."

"Usiniombe mimi samahani. Muombe mke wake."

Walikuwa wanaelewana vizuri. Tukaingia ndani, kiyoyozi kikazimwa, Kendrell akavaa visikilizio masikioni, akasimama mbele ya maikrofoni. Verlina alimwambia atampigia wimbo mzima kwanza pamoja na sauti ya kuongozea, asikilize tu, asiimbe.

Sijui kama alifanya makusudi. Nimemuuliza mara kadhaa, na ananijibu kwamba levo zilikuwa zimeshapangwa, angezivuruga kwa nini? Lucien alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma, hasikii kitu, maana wimbo ulikuwa masikioni mwa Kendrell pekee. Sisi tulimtazama kijana. Alisikiliza akiwa amesimama wima, halafu akainamisha kichwa. Wimbo ulipoisha alivua visikilizio taratibu.

"Mama Verlina," akasema, "huyu anayeimba ni nani?"

Rayford akamtupia jicho Lucien kwenye kochi.

"Kama yupo, mimi nimeitiwa nini? Sitaki kukosa adabu. Lakini nikiimba wimbo huu baada ya huyu, mama yangu mwenyewe atanicheka."

Lucien alisimama. "Umeipandisha," alimwambia dada yake.

"Nimeipima kama nilivyopima zote."

"Tulikubaliana nini? Si ulisema utaifuta?"

"Nitaifuta. Ukitaka naifuta sasa hivi, mbele yako. Ila usikilize kwanza."

"Sina haja ya kusikiliza! Najua kilichomo. Mimi ndiye niliyekiimba."

"Hujui. Hujawahi kujisikiliza tangu utoke hospitali. Hata mara moja."

"Verlina, mimi ni kaka yako mkubwa, si mtoto wa basi lako," akasema, na sauti ikamkatikia palepale kwenye neno la mwisho, mbele ya kijana mgeni. Akatoka. Godoro la mlangoni likaanguka nyuma yake.

Kendrell alitaka kulia. Rayford akampa chungwa moja kati ya yale aliyoyaleta mwenyewe. Verlina akaondoka kumfuata kaka yake, nami nikasogea dirishani, si kwa umbea, bali kwa sababu chumba kilikuwa cha moto. Sawa, na umbea kidogo.

Lucien alikuwa ameketi nyuma ya gari lake, miguu inaning'inia. Verlina akapanda akakaa kando yake. Jirani alikuwa anakata nyasi, akafika mwisho wa uwanja, akageuza.

"Nilishusha kile kitufe mpaka chini," Lucien akasema mwishowe. "Kile cha kisanduku chako. Kuna kataa kadogo kanakowaka ukiimba."

"Ndiyo."

"Kalikuwa kananitazama. Kila nikifungua mdomo kanawaka. Nikashusha mpaka kakaacha kuwaka, nikarudi nyuma, nikakaa kule kwenye meza, ndipo nikaweza kuimba. Nilijiambia hapa hata mashine hainisikii."

"Mashine ilisikia, kaka. Kidogo sana, lakini ilisikia."

Lucien akacheka kwa pua.

"Sikukupandisha juu ya mtu," Verlina akasema. "Usifikiri nimekuonea huruma nikakuweka mbele. Uko palepale alipo Rayford na dramu zake, palepale ilipo besi yangu. Wote tuko mstari mmoja. Ukisikia ni mbaya, ujue ni mbaya kweli. Naifuta, Kendrell anaimba, na sitakusumbua tena mpaka nife."

"Mpaka ufe?"

"Basi, mpaka Krismasi."

Lucien akarudi ndani. Alimwomba Kendrell radhi, kijana akajibu "hapana mzee, hapana mzee," akampisha. Lucien alivaa visikilizio akiwa bado amevaa kofia, ikabidi aivue. Verlina akabonyeza.

Mimi nilimtazama mikono. Mwanzoni ilikuwa imekunja ngumi. Ubeti wa pili ulipofika ngumi zilikuwa zimefunguka, na vidole vilikuwa vinabonyeza vitufe ambavyo havikuwepo, kodiani ya hewani. Wimbo ulipoisha alisema, "Tena." Akausikiliza tena. Kisha akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia.

"Kodiani si hii."

"Vipi?" Verlina akauliza.

"Nimepiga kodiani ya zamani kwenye ufunguo wa zamani, ule wa sauti ya juu. Huyu bwana anayeimba hapa anabanwa. Anajikunja apite chini ya mlango. Anataka kitu cha chini zaidi, asimame." Akageuka kwangu. "Shemeji, twende kwangu. Ile kodiani kubwa iko juu ya kabati."

Aliita ile sauti "huyu bwana" siku nzima hiyo, kama mtu wa watu wengine. Tulimwacha aite.

Kodiani kubwa ilikuwa ya ufunguo wa chini, nzito, mvukuto wake unatoa pumzi kama ng'ombe aliyelala. Alikuwa ameinunua zamani akaiona haimfai, maana haikuweza kufika alikokwenda yeye. Ilimaanisha kila kitu kirudiwe: besi, gitaa, vyote. Rayford akalalamika kwamba amerudia dramu zake Jumapili iliyopita tu.

"Dramu zako hazina ufunguo, we," nikamwambia. "Zinabaki hivyohivyo."

"Aa. Basi na mimi nakubali. Turudie."

Safari hii Verlina hakusubiri kurekebisha baadaye. Alipanga levo wakati wa kurekodi. Alimsimamisha Lucien kiganja kimoja kutoka kwenye maikrofoni, akamwambia aimbe pale pazito kuliko pote. Lucien akaimba kwa woga. Verlina akatikisa kichwa.

"Hivyo ndivyo utakavyoimba siku yenyewe?"

"Hapana."

"Basi usinidanganye. Imba kweli, nikupime kweli."

Akaimba. Kijiti kikapanda kijani chote, kikagusa njano, kikatulia. Sauti ilikatika mahali pamoja, naye akasimama, akatutazama. Hakuna aliyetazama sakafu. Verlina alisema, "Levo nzuri. Naanza kurekodi," akabonyeza.

Alifanya nyimbo nne kati ya zile sita. Kendrell akaimba mbili, zile za mbio za juu, na alizitendea haki. Kwenye valsi alimwitikia Lucien kwa nyuma, na Lucien alipomkosoa Kifaransa chake alikuwa anamkosoa kama mtu wa bendi. Kendrell akawa harudi tena Lake Charles bila kula kwetu.

Kuchanganya kulikuja kuwa kazi nyepesi, au Verlina anasema nyepesi. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshasimama sawa, alisogeza kidogo tu hapa na pale. Valsi aliimaliza alasiri moja, kati ya kuegesha basi na kuweka wali jikoni. Dramu za Rayford zilikaa nyuma, na hajaacha kulisema hilo. Kwenye kizibao changu aliniacha nisikike mwanzoni na mwishoni tu. Nimenyamaza. Ninaishi naye.

Wimbo ulipoanza kupigwa kwenye redio ya hapa Jumamosi asubuhi, si wote walioupenda. Kwenye duka la vyakula vya mifugo nilimsikia mtu akisema, "Lucien kwisha, siku hizi anakoroma tu." Nilikuja kumweleza Lucien mwenyewe, maana nilijua ataambiwa na wengine vibaya zaidi. Alifikiri kidogo.

"Lakini aliusikia mpaka mwisho?"

"Alisimama na gunia begani mpaka ukaisha."

"Basi," akasema.

Mwezi wa Oktoba tulialikwa kupiga kwenye matembezi ya farasi kule Plaisance. Wapanda farasi walikuwa wameshafunga farasi wao kwenye ua, vumbi bado halijatulia, moshi wa nyama unapita chini chini, watu wanakula wamesimama. Jua lilikuwa bado kali. Fundi wa sauti wa pale alikuwa mtu mwenye haraka. Verlina alimsogeza kwa upole, akampima kila mmoja wetu mwenyewe, mmoja mmoja, watu wakisubiri.

Lucien aliikuta maikrofoni mbele yake. Aliitazama. Nilidhani ataisogeza kwa mguu. Akainama, akalegeza skrubu, akaishusha mpaka ikafika kwenye mdomo wake, akaikaza.

Tukaanza na valsi. Ubeti wa kwanza watu walikuwa wanatazamana, wanatafuta ile sauti ya zamani itatokea wapi. Mama mmoja mnene mwenye buti za farasi aliacha sahani yake juu ya gari, akamshika mumewe mkono, wakaingia katikati ya vumbi. Wakafuata wengine. Hawakupiga vigelegele. Walicheza polepole, karibu karibu, na wengi walikuwa wanamtazama Lucien usoni akiimba. Palipokuwa pa juu alishuka, na alipokuwa chini kabisa sauti ikamkwaruza, ikakatika, ikarudi, naye akaendelea nayo mpaka mlangoni kwenye wimbo, mpaka mwisho.

Alikunywa maji. Akajifuta shingo, pale penye kovu. Akageuka kutuangalia, kwanza Verlina, kisha Kendrell, kisha sisi wengine.

"Ya pili," akasema. "Na wewe Rayford, usikimbie."

Rayford akagonga vijiti vyake kuhesabu, tukaingia.